Lamineti imevimba juu ya mabomba ya joto: kisa cha sebule moja na nailoni yake

Niliitwa kuangalia sebule moja ya chini, kama mita za mraba 28 hivi, lamineti ya milimita 8, chini yake skridi ya sementi (lile tabaka la mchanga na sementi la kusawazisha sakafu) yenye mabomba ya maji moto. Sakafu ilikuwa na miezi miwili tu tangu ipigwe, na miezi yote miwili joto lilikuwa limewashwa. Mwenye nyumba alinipokea mlangoni na roli tatu za bidhaa tofauti zimeegemezwa ukutani, nailoni ya wazi, sponji ya bluu ya milimita 5, na ile ya kung'aa yenye karatasi ya alumini, akasema, "Fundi, mimi nishakubali kung'oa, we niambie tu safari hii niweke nailoni ipi." Nikamwambia dada ngoja kwanza tujue maji yametoka wapi, maana hapo ukinunua kwa kubahatisha unarudi tena palepale.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni jinsi uvimbe ulivyojipanga. Lamineti ikinyweshwa maji kutoka juu, deki la kila siku au maua yaliyomwagiwa sana, uvimbe unafuata viungio vya mbao zenyewe na mara nyingi uko eneo moja. Hapa haikuwa hivyo. Nilipiga magoti nikaweka tochi chini kabisa usawa wa sakafu, mwanga ukipita kwa ubavu, nikaona matuta yamenyooka kama yamepigwa kamba, yanavuka mbao bila kujali kiungio kiko wapi, na kutoka tuta moja hadi lingine ni mita moja karibu kamili. Sasa mita moja ndio upana wa roli ya sponji. Yaani sakafu ilikuwa imejichorea ramani yenyewe, mvuke ulikuwa unapanda pale roli moja inapokutana na nyingine na sio pengine popote.

Tukaanza kufungua kuanzia upande wa dirisha. Mbao ya kwanza iliyotoka nikaipima na venia kalipa, katikati milimita 8 safi, kwenye mstari wa tuta 9.1, na upande wa chini ukipitisha ukucha unasikia unga unga, ule unga wa mbao ulioshindiliwa ushaanza kuachana. Hapo hakuna kurudi, HDF (ndio huo unga ulioshindiliwa) ikishavimba namna hiyo hata ukaushe mwezi mzima haishuki ikawa kama zamani. Chini ya mbao kulikuwa na sponji ya XPS (povu gumu la plastiki) ya milimita 5 yenye nailoni nyembamba imegandishwa kwa chini, roli zimetandikwa ubavu kwa ubavu, hazijapandana hata sentimita moja, hakuna tepu, na ukutani zimekatwa mwisho wa sponji basi. Fundi aliyepita aliona nailoni ipo, akaona kazi imeisha. Ukinyanyua sponji unapata harufu ya ukungu na skridi yenye rangi ya kijivu iliyokolea, kavu kwa macho lakini ukiweka kiganja unasikia unyevunyevu fulani licha ya kwamba mabomba yanawaka.

Kabla ya kuhukumu nailoni ilibidi niondoe washukiwa wengine wawili. Kwanza bomba kuvuja: tulifunga mzunguko wa sebule pale kwenye manifoldi (pale mabomba ya vyumba vyote yanapogawanyika), tukaandika presha ya geji, tukalala, asubuhi geji haijasogea. Pili unyevu wa ardhini: mwenye nyumba alikuwa na picha za ujenzi kwenye simu (jamani pigeni picha kabla ya kumwaga zege, zinaokoa watu), na zilionyesha wazi nailoni nzito chini ya insulesheni, imepandishwa ukutani vizuri, halafu juu ya insulesheni kuna nailoni nyingine, ndio mabomba yakafuata na skridi ya milimita 65 ikamwagwa juu. Kwa hiyo ardhi ilikuwa imezuiwa. Lakini picha hiyohiyo ndio iliyonipa jibu, kwa sababu ukiweka nailoni chini ya skridi, maji yote yaliyochanganywa kwenye sementi hayana njia ya kushuka, yanabaki na mlango mmoja tu, juu. Na juu ndio ilipolala lamineti.

Nikamuuliza skridi ilikaa muda gani kabla ya kupigwa sakafu. Wiki tano. Na joto liliwashwa ndani ya hizo wiki tano? Hapana, waliambiwa walizime ili lisipasue sementi.

Hesabu ya kienyeji inayotumika na mafundi wengi ni siku moja kwa kila milimita kwa zile 50 za kwanza, hiyo hata viwango vya Uingereza vinaitaja kama makadirio, halafu siku mbili kwa kila milimita inayozidi, na hapo hewa iwe kavu na madirisha yanafanya kazi. Kwa 65 unapata siku 50 jumlisha 30, yaani 80. Wao walikaa 35. Kwa hiyo skridi ilifunikwa ikiwa bado mbichi kwa ndani, na kosa lilishafanyika kabla hata roli ya kwanza haijafunguliwa.

Sasa nikapima. Mimi natumia chupa ya kabaidi, ile ya kuchukua kipande cha skridi, unakiponda, unakipima uzito, unakitia kwenye chupa ya chuma pamoja na kabaidi na vigololi, unatikisa. Kabaidi ikikutana na maji inatoa asetilini, gesi ileile ya wachomeleaji, presha inapanda na geji inakupa asilimia. Shughuli ni kupata hicho kipande bila kutoboa bomba. Picha zinasaidia lakini usiziamini kwa milimita, mtu amesimama pembeni kapiga kwa pembe, mabomba yanaonekana pengine kabisa. Ujanja wangu ni kuwasha joto, kupitisha kitambaa chenye maji kwenye eneo dogo, halafu kusimama na kuangalia: pale bomba linapopita panakauka kwanza, unaona mistari myeupe inajitokeza, unaiwekea chaki, unapiga patasi katikati ya mistari miwili. Nilitoa sampuli mbili, moja dirishani moja katikati ya chumba, kutoka nusu ya chini ya skridi sio ngozi ya juu, maana ngozi inakauka haraka na itakudanganya. Dirishani 2.4, katikati 2.6. Skridi ya sementi yenye mabomba ya joto inatakiwa ifike 1.8 au chini ndio uifunike, isiyo na mabomba mara nyingi ni 2.0. Ile ya anhidraiti (inayotumia aina ya jasi badala ya sementi) yenye mabomba ni kali zaidi, 0.5 au hata 0.3. Fikiria sasa hiyo 2.6 ni baada ya miezi miwili ya kuchemshwa.

Hapa ndio nataka kukaa kidogo kwa sababu watu wengi wanachagua nailoni kama kitu peke yake na sponji kama kitu peke yake, wakati juu ya mabomba ya joto hivi viwili vinavutana. Mvuke hausukumwi na "maji mengi", unasukumwa na tofauti ya presha ya mvuke kati ya skridi na chumba, na presha hiyo inapanda na joto kwa kasi sana. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa hewa asilimia 45 kina presha ya mvuke kama kilopaskali 1.05. Skridi mbichi isiyowashwa, tuseme nyuzi 18 na asilimia 85 ndani ya vitundu vyake, ina kama 1.75. Tofauti ni 0.7, hiyo nailoni yoyote ya wastani inaivumilia.

Washa joto sasa. Sakafu ikitoa wati 60 kwa kila mita ya mraba, uso wake unakuwa kama nyuzi 26. Lakini ili joto hilo lipenye kutoka kwenye skridi mpaka usoni inategemea ukinzani wa vilivyopo katikati. Lamineti ya milimita 8 ina ukinzani kama 0.06 m²K/W, XPS ya milimita 5 peke yake ni 0.14, jumla 0.20, wakati kikomo kinachotumika kwa sakafu za aina hii ni 0.15. Zidisha 60 kwa 0.20, unapata nyuzi 12. Maana yake uso ukiwa na 26, skridi chini ya sponji imefika 38. Kwa nyuzi 38 na ile asilimia 85, presha ya mvuke ni kama 5.6. Toa ile 1.05 ya chumbani, tofauti ni zaidi ya 4.5, mara sita na ushee ya ile ya skridi isiyowashwa. Na mwenye nyumba alisema mwenyewe, chumba kilikuwa hakipati joto vizuri hivyo alikuwa anapandisha themostati kila wiki. Alidhani anapasha chumba kumbe anachemsha skridi, na mvuke ukatafuta mshono.

Ungeweka sponji nyembamba iliyoshiba, ile nzito ya poliyurethani na unga wa madini yenye ukinzani kama 0.01, jumla inakuwa 0.07, joto linapotea nyuzi 4 tu njiani, skridi inakaa 30 na presha kama 3.6. Nailoni ni ileile ila mzigo umepungua karibu nusu.

Haya, sasa nailoni yenyewe. Uwezo wa kuzuia mvuke unaandikwa kwenye lebo kama sd, kwa mita, yaani ni sawa na kuweka mita ngapi za hewa iliyotulia. Watengenezaji wengi wa lamineti wanataka sd 75 au zaidi juu ya sakafu za sementi. Kwenye jedwali la kiwango cha ISO 10456, polithini (ndio hii tunayoiita nailoni) ya milimita 0.15 ina 50, ya 0.25 ina 100, kwa hiyo ya 0.2 inaangukia hapohapo kwenye 75, ndio maana kila mtu anakwambia 0.2. Lakini soma jedwali hilohilo mstari wa polithini ya 0.15 iliyopigwa pini: inashuka kutoka 50 mpaka 8. Karatasi ni ileile, unene uleule, matundu ya pini tu. Kwa hiyo mtu anayebishana 0.2 au 0.25 huku viungio vyake viko wazi anapoteza muda wake, tofauti kubwa iko kwenye viungio.

Turudi kwenye zile roli tatu ukutani.

Sponji ya bluu ya milimita 5 niliitoa papo hapo, sababu nishazieleza. Inaficha mabonde madogo ya skridi ndio, lakini bonde linatibiwa na plasta ya kusawazisha, halitibiwi na sponji.

Ile ya alumini aliipenda sana, muuzaji alimwambia inarudisha joto juu. Hapo nilimwambia ukweli, kung'aa kunarudisha joto pale tu penye nafasi ya hewa mbele yake, ukiibana kati ya skridi na mbao inapitisha joto kama chuma kingine chochote. Kama kizuizi cha mvuke ni kali kweli, alumini ya 0.05 kwenye jedwali lile ina sd 1500, hakuna polithini inayofika huko. Tatizo ni mawili: ile yake alumini ilikuwa imegandishwa kwenye sponji ya milimita 3, ukinzani tena, na alumini tupu haipendi sementi yenye unyevu, ule ukali wa chokaa unaila taratibu mpaka inapata vitundu. Ikiwa imevikwa plastiki pande zote sawa, ila yake ilikuwa wazi upande mmoja.

Basi ikabaki nailoni ya wazi ya 0.2. Ya bei ndogo kuliko zote na alikuwa anaiona ya kizembe. Niliifungua nikainyanyua dirishani kuangalia mwanga, hili fanyeni kila mara, nailoni zilizorejelezwa hasa nyeusi zinakuwa na vitundu na sehemu nyembamba zinazochanika kwa kidole. Yake ilikuwa safi. Kwa joto haina hesabu kabisa, ukinzani wake ni kama 0.0006.

Akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Si tuweke zote mbili, nailoni chini na ya alumini juu, usalama mara mbili?" Hapana. Maji yakiingia katikati, ya deki au ya bomba la redieta, yanakaa kati ya karatasi mbili hayana pa kwenda juu wala chini, na ukungu unapenda sana sehemu kama hiyo yenye joto. Kizuizi kiwe kimoja, kiwe kizima, kiwe upande wa skridi, sponji juu yake.

Akauliza pia kama kuna ya kupaka, ile epoksi. Ipo, na kuna hali ambapo ni ya lazima, kama unyevu wa ardhini unapanda na huwezi kuvunja. Hapa unyevu ulikuwa wa skridi yenyewe na una mwisho, kuupakia epoksi ni kuufungia ndani wakati unaweza kuutoa kwa kuwasha joto tu na kufungua madirisha.

Na hivyo ndivyo tulivyofanya, hakuna mbao iliyoguswa kwa wiki tatu. Skridi wazi kabisa, maji ya mabomba nyuzi 25 kwa siku tatu, halafu yakapandishwa taratibu mpaka kiwango cha juu cha mfumo kwa siku nne, ndio utaratibu wa EN 1264, kiwango cha Ulaya cha sakafu za joto, halafu tukaendelea na joto la wastani madirisha yakifunguliwa asubuhi na jioni dakika kama kumi. Watu wanawasha joto wanafunga madirisha, mvuke unatoka kwenye skridi unakaa chumbani unarudi. Mwisho wa wiki ya kwanza kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka, ya pili kikapungua, ya tatu kikakauka. Nikabandika pia kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 pande zote kwa tepu, nikakiacha usiku kucha, asubuhi hakuna tone. Kipimo hicho nakitumia kama kidokezo tu, kinaweza kukwambia pakavu na chini bado, hivyo nikarudia kabaidi: 1.7 na 1.6. Hapo ndio nikakubali.

Kutandika kulichukua nusu siku. Skridi ikafagiliwa na kuvutwa na mashine, maana kichembe kimoja cha sementi chini ya nailoni ni pini tayari. Roli zikapandana sentimita 20, tepu mstari mzima bila kuruka, ukutani nailoni ikapanda sentimita tano, itakatwa baadaye nyuma ya skatingi. Kwenye tepu mimi mwenyewe nilichemka: nilianza na selotepu ya kahawia ya maboksi iliyokuwa mfukoni, nikapiga mishono miwili, tukawasha joto kidogo kuona, baada ya saa kadhaa pembe zake zimejikunja, gundi yake haipatani na joto. Nikaibandua yote nikaweka ya polithini yenye gundi ya akriliki. Kwenye kona pia usikate, kunja kama unafunga zawadi.

Juu yake sponji nzito ya milimita 1.5, halafu lamineti mpya iliyokuwa imelala chumbani humo siku mbili, skridi ikiwa kama nyuzi 18. Ukutani tukaacha milimita 10. Siku iliyofuata joto likapandishwa kidogo kidogo, nyuzi mbili tatu kwa siku, na kihisio cha sakafu tukakifunga kisizidi 27 usoni.

Juu ghorofani kuna chumba kingine chenye mabomba, lakini pale yamepita kwenye mabati ya alumini juu ya mbao, na yeye alikuwa ameshanunua nailoni ya huko pia. Hapo nilimkataza kabisa. Mbao inapumua, ukiifunika kwa nailoni unyevu unanaswa chini yake na mbao inaoza polepole bila wewe kuona. Huko tuliweka sponji nzito peke yake inayopitisha mvuke.

Nilirudi wiki ya sita nikapiga tochi usawa wa sakafu, mstari wowote hakuna, themostati iko chini nyuzi nne kuliko alivyokuwa anaweka zamani na chumba kina joto. Ile sponji ya bluu ya milimita 5 haikupotea, tuliitandika kwenye stoo isiyo na mabomba, safari hii na tepu kwenye mishono yake.